Feni ya Bafuni Inunuliwe Mwisho

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Mkeo amenitumia picha za nyumba ya Kigamboni, imependeza. Kanitumia na picha ya feni uliyoiona Kariakoo, ile yenye kioo mbele na taa ya buluu, mnataka kujua kama inafaa bafu la masta. Feni nimeiona. Ambacho sijakiona ni hewa itatokea wapi.

Unajua nimeendesha nyumba ya wageni miaka mingi na kila chumba kina bafu lake. Feni nilizobadilisha pale wala sizihesabu, na nyingi hazikuwa na ubovu wowote. Ziliponzwa na njia ya hewa.

Bafu lako, kwa ramani niliyoiona, lipo katikati ya nyumba, halina hata ukuta mmoja unaotazama nje. Fundi atakwambia, "Bosi, tunatoboa jipsamu, feni inatupa hewa darini, kazi imekwisha." Mkatalie. Mvuke ukifika darini unakutana na bati, usiku bati likipoa unageuka maji, na maji yale yanarudi kwenye mbao na jipsamu. Jirani yangu alifungiwa hivyo. Dari ilianza kwa madoa ya rangi ya chai, ikavimba, mwishowe kipande kikaanguka juu ya sinki. Feni yenyewe ilikuwa nzima, inazunguka kama kawaida.

Kwa hiyo bomba lipite juu ya dari mpaka nje kabisa. Tumia PVC ya inchi 4, ile ile ya fundi bomba, uachane na mabomba laini yenye mikunjo, maana kila mkunjo unaizuia hewa. Liinamie nje kidogo ili maji yanayojikusanya ndani yake yadondokee nje, yasirudi kwenye mota. Na kona zisizidi moja, mbili ukishindwa sana.

Hapo sasa ndipo feni ya kioo inapokosa kazi. Feni zile za panga bapa zimetengenezwa kusukuma hewa kupita unene wa ukuta. Ukizipa bomba la mita tatu lenye kona, zinapiga kelele tu. Bafu la watoto lina ukuta wa nje, basi hiyo ya kioo ifungwe huko, itawatosha. Kwako tafuta feni inayofungwa katikati ya bomba, ikae darini. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ina nguvu ya kusukuma, na kelele inabaki huko juu. Acha tu tundu la kumwezesha fundi kuifikia. Wengi hulisahau, kisha siku ya matengenezo jipsamu inapasuliwa.

Ukubwa usikubali kupimiwa kwa macho. Bafu lako ni mita 2.4 kwa 1.8, kimo 2.7, yaani karibu mita 11.7 za ujazo. Hewa ile ibadilike angalau mara nane kwa saa, nikizidisha napata kama 93. Boksi la feni huandikwa mita za ujazo kwa saa. Likiandikwa CFM, zidisha kwa 1.7. Lakini namba ya boksi ni ya feni isiyo na bomba, ndiyo maana mimi ningechukua ya 150 au zaidi. Umeme usikutishe: feni ya wati 20 ikizunguka saa moja kila siku, mwezi mzima haili hata uniti moja ya LUKU.

Muulize muuzaji kama ina beringi za gololi au bushi. Feni ya bushi huvumilia ikisimama ukutani. Ukiilaza darini mafuta yanavuja na inaanza kulia. Akikuangalia kama hajaelewa swali, nenda duka la pili. Angalia pia iandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50, na alama ya IPX4, kwamba inavumilia maji ya kurukia. Upo karibu na bahari, hivyo kifuniko cha nje kiwe cha plastiki na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kiwe na vibao vinavyojifunga feni ikizimwa, la sivyo utakaribisha mende na mbu.

Watakuuzia na ile yenye kihisi cha unyevu, inayojiwasha yenyewe. Ndugu yako wa Arusha ainunue, itamfaa. Huku kwetu pwani hewa ya nje yenyewe asubuhi nyingi inapita asilimia 80, kihisi kitadhani unaoga mchana na usiku. Mimi kwa wageni niliunganisha feni na swichi ya taa, nikaongeza taima ya dakika 15 baada ya taa kuzimwa, kwa sababu mgeni hawashi feni hata umwandikie bango.

Halafu mlango. Hewa haitoki kama hakuna inayoingia, na milango yenu ya mninga inafika chini barabara. Mwambie seremala aache sentimita moja na nusu hivi.

Mkeo kanigusia hita ya gesi. Isifungwe bafuni kabisa. Feni inaweza kuurudisha moshi wake ndani, na humo mna gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu akiwa anaoga. Ikae nje, ukutani. Umeme wote uunganishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, si yule kijana wa kupaka rangi anayejua kila kitu.

Wakimaliza kufunga, usiwalipe kwanza. Funga mlango, washa feni, weka kipande cha tishu kwenye wavu: kikinata chenyewe, walipe. Kikianguka, warudi darini wakatazame bomba, na unipigie simu wakiwa bado wapo.

Watoto wasalimie. Mama yako mwambie ukili wake umefika.

Shangazi yako