Ipagala: Mashine ikifa, amana haijafa

Ipagala ni kata iliyo upande wa mashariki wa kitovu cha Jiji la Dodoma. Aliyeiacha miaka ishirini iliyopita akirudi leo atahitaji wa kumwonesha njia. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo, ndipo viwanja vya Ilazo na Swaswa vilipojaa nyumba. Udongo mwekundu ungali uleule, na upepo wa kiangazi ungali unavuma vilevile. Kilichobadilika ni wingi wa watu na wingi wa vyombo vyao.

Kila familia iliyohamia ilikuja na televisheni, redio, simu, kompyuta, king'amuzi, pasi na waya za kila namna. Tukiwa katika matembezi yetu ya mitaa hii, swali letu lilikuwa moja: vitu hivi vikifa, vinakwenda wapi?

Jibu la kwanza tulilolipata ni kwamba vingi haviendi popote. Vimo stoo, chini ya vitanda na juu ya makabati. Mkubwa wao ni televisheni ya chogo. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2013, ving'amuzi viliirefushia umri. Baadaye televisheni bapa zikashuka bei, na chogo kikasogezwa pembeni. Simu nazo zina historia yake: Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia mtandaoni simu bandia nchi nzima, na simu nyingi zikageuka vipande vya plastiki kwa usiku mmoja. Tunaviweka kwa sababu tulivinunua kwa jasho, na kwa sababu hatujui tuvipeleke wapi.

Jibu la pili ni fundi. Katika vibanda vya barabarani, fundi mwenye pasi ya kulehemu na kikopo cha skrubu hutoa kipuri katika redio iliyokufa akakitia katika redio inayougua. Kijana huyu anafanya kazi kubwa kuliko anavyosifiwa. Kila mwaka ambao kompyuta huongezewa uhai ni mwaka ambao haijawa taka, na dini yetu inayokataza israfu ina kila sababu ya kumheshimu. Lakini hata fundi hufika mahali akasema, “Hii basi tena.” Hapo ndipo linapokuja jibu la tatu.

Jibu la tatu linapita na mkokoteni na mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo, naye anataka chuma, aluminiamu na zaidi ya yote shaba. Televisheni ya chogo ina shaba shingoni mwa kioo chake, imezungushwa kama uzi. Njia ya haraka ya kuipata ni kuvunja. Shaba ikishatoka, kioo hakina mnunuzi. Kinaachwa pale kilipovunjwa au kinatupwa korongoni. Nyaya nazo huchomwa moto ili plastiki iungue na shaba ibaki. Anayefanya hivi si mtu mbaya; anatafuta riziki ya wanawe. Tatizo ni kwamba mizani yake inapima kilicho na bei tu, na kilicho na sumu hakipimwi.

Tukitazame hicho kinachoachwa. Kioo cha televisheni ya chogo kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji, na televisheni moja huweza kuwa na kilo moja hadi tatu za madini hayo. Ikiwa nzima, risasi imefungwa ndani ya kioo. Ikivunjwa na kusagika, vumbi lake linaweza kuingia mikononi na vinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwani hudhuru ubongo ungali unakua. Lehemu ya mashine za zamani ina risasi pia, na taa za nyuma za baadhi ya skrini bapa za mwanzo zina zebaki.

Moshi wa nyaya nao una habari yake. Plastiki ya waya ikiungua kwa moto wa wazi hutoa kemikali ziitwazo dioksini, ambazo hukaa katika udongo kwa miaka mingi na kujificha katika mafuta ya wanyama. Agbogbloshie, katika jiji la Accra nchini Ghana, vijana walichoma nyaya kwa miaka mingi. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa katika eneo hilo, wakayakuta na dioksini kwa kiwango cha juu mno. Ipagala si Agbogbloshie, wala hatuombi iwe. Lakini kuku wa kienyeji wa Ipagala nao hudonoa chini, na yai lake hupewa mtoto tukiamini ndilo bora.

Dodoma ni nchi kame. Mvua huja miezi michache, kisha makorongo yaliyokuwa makavu hufurika na kubeba kila kilichotupwa humo. Jiji hili kwa sehemu kubwa limekuwa likinywa maji ya visima vya Mzakwe, maji yanayotoka chini ya ardhi. Watu wanaokunywa kutoka ardhini wanapaswa kuwa wa mwisho kuitupia ardhi yao sumu.

Sheria haikulala. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi, na mwaka 2021 zilitungwa kanuni mahususi za taka za kielektroniki, zinazotaka zikusanywe na kushughulikiwa na wenye vibali. Majirani nao wamesogea: Rwanda ina kiwanda huko Bugesera, na Nairobi kuna kituo kilichozaliwa katika mpango wa kupeleka kompyuta mashuleni. Duniani kote, mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka hizi, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo.

Basi kwa nini mwenye kibali hafiki mtaani kwetu? Hesabu yake ni nyepesi. Televisheni moja katika nyumba moja hailipi mafuta ya gari. Nyumba hamsini zikiweka pamoja, shehena imepatikana.

Hapa ndipo tunapoona nafasi ya misikiti yetu. Kamati ya msikiti inaweza kutenga chumba kikavu chenye kufuli, ikatangaza baada ya sala ya Ijumaa, ikaandika daftari la vilivyopokewa, kisha ikawasiliana na ofisi ya mazingira ya jiji au Baraza la Mazingira, NEMC, kuulizia mkusanyaji mwenye kibali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Kioo cha risasi korongoni ni udhia, ingawa hakichomi mguu siku hiyohiyo.

Kwa upande wa familia, yapo mambo manne. Kwanza, televisheni ya chogo isifunguliwe wala kuvunjwa nyumbani. Hata ikichomolewa inaweza kuwa imehifadhi umeme wa kudhuru. Pili, betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kuchanganywa na taka za jikoni, kwani huwaka moto. Tatu, anayetaka kuipa madrasa kompyuta yake aipeleke ikiwa inafanya kazi. Qur'ani imetukataza kukusudia kibovu katika kutoa, na kompyuta mfu tuliyoipeleka madrasa ni taka tuliyomhamishia ustadhi.

Nne ni sitara. Ndani ya kompyuta na simu kuna picha za wake na mabinti zetu, vyeti, namba za benki na mazungumzo ya nyumbani. Kufuta faili kwa kawaida hakuondoi kilichomo. Mwenye ujuzi hukirudisha. Diski ya kompyuta itolewe na fundi mwaminifu, ifutwe kwa programu maalumu au itobolewe kwa drili mbele ya mwenyewe kabla ya kuuzwa. Tunaofunika milango kwa mapazia tusiiuze siri ya nyumba kwa kilo.

Tulichokiona Ipagala kipo pia Tabora, Tanga na Unguja. Mali tuliyopewa tutaulizwa tuliipataje na tuliitumiaje, na kuitupa ni sehemu ya kuitumia. Anayeuza chogo chake kwa shilingi elfu chache akijua kioo kitaishia korongoni hajamaliza jukumu lake. Amelihamishia kwa watoto wa jirani, nao hawakuulizwa.