Kamba Iliyolegea

Nilipoingia kazi ya mbwa Nairobi, mwishoni mwa miaka ya tisini, mbwa wa mjini hakujua matembezi. Kazi yake ilitangazwa kwenye kibati kilichopigiliwa langoni: MBWA KALI. Mchana alifungiwa bandani nyuma ya nyumba, usiku akafunguliwa azunguke kiwanja na kubweka mpaka alfajiri. Jina lake lilikuwa Simba, au Tomi, au Popi. Kamba aliiona siku ya kupelekwa kuchanjwa kichaa cha mbwa, na siku hiyo mtaa mzima ulipata sinema ya bure: mbwa mbele akikoroma kwa kukabwa shingo, kijana wa shamba nyuma visigino vikichimba vumbi, na watoto wakitimua mbio kuwakimbia wote wawili.

Hakuna aliyeona kuwa hapo pana jambo la kufundishwa. Mbwa huvuta, basi.

Mahali pekee nilipokuta watu wakilishughulikia suala hilo kwa dhati ni kitengo cha mbwa cha kampuni ya ulinzi iliyoniajiri. Mkufunzi wetu alikuwa mzee aliyestaafu polisi, mwembamba, mwenye viganja vipana, na sote tulimwita Afande. Kwake mbwa anayevuta ni mbwa asiye na heshima. Chombo chake kilikuwa mnyororo wa kubana shingo, ule unaopitishwa kwenye pete yake wenyewe ukawa kitanzi. Unatembea, mbwa yuko mguu wa kushoto. Akitanguliza bega tu, unampa mshtuo mmoja wa ghafla, kisha papo hapo unalegeza. Kosa kubwa kwa askari mgeni lilikuwa kushindana na mbwa kwa uzito wa mwili. “Usivutane naye,” Afande alikuwa akituambia, “huna miguu minne. Mshtue, mwachie.” Kiwiko chake kilikuwa hakionekani kikitikisika. Ulisikia tu pete za mnyororo zikilia, na mbwa amesharudi mahali pake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mkono ule ulikuwa na ukoo mrefu. Mjerumani Konrad Most, aliyefundisha mbwa wa polisi, aliandika kitabu chake mwaka 1910, na majeshi na polisi wa nchi nyingi wakafuata njia hiyo. Mwaka 1962 Mmarekani William Koehler, aliyewahi kufundisha mbwa wa jeshi na wa filamu za Walt Disney, alitoa kitabu kilichoiingiza mbinu ya mshtuo katika nyumba za watu wa kawaida. Afande hakuwahi kuwataja watu hao. Yeye alifundishwa na aliyefundishwa na aliyefundishwa.

Na tusidanganyane: njia ile ilifanya kazi. Mbwa waliotoka mikononi mwa Afande walitembea wamenyooka usiku kucha kando ya kuta za maghala ya Eneo la Viwanda. Lakini anayeshinda na mbwa huanza kuwasoma. Wengi wao walitembea masikio yamelala, wakijilamba midomo bila chakula, jicho moja likiulinda mkono wa askari. Na siku askari akiwa likizo, akija mwingine mwenye mkono mzito wa kuchelewa, mbwa yuleyule alimkokota kutoka lango la mbele hadi la nyuma. Alichojifunza ni kuuogopa mkono fulani.

Kilichobadilisha mambo hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni msitu. Karura tulikuwa tunaukwepa. Wanyakuzi wa ardhi waliumega, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wakapigwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti, na hata upande wa miti uliposhinda vita hivyo, mtu mwenye akili zake hakuingia humo peke yake kwa kuhofia majambazi. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Friends of Karura Forest, kikashirikiana na idara ya misitu, ua wa umeme ukasimamishwa, njia zikafunguliwa. Ghafla Nairobi ikawa na zaidi ya hekta elfu moja za kivuli ambamo mtu anaweza kutembea na mbwa wake. Sharti moja tu: mbwa awe kwenye kamba. Lazima, maana humo mna kima, paa na pongo, mna waendesha baiskeli, mna watoto wa shule na pikiniki zao.

Basi lile ambalo halikuwa tatizo likawa tatizo la kila Jumamosi. Mbwa waliozaliwa na kukulia nyuma ya kibati cha MBWA KALI walishushwa garini wakauona msitu kwa mara ya kwanza. Nimeona mama mwenye heshima zake akiburutwa kwa goti. Nimeona miwani ikiachwa kichakani. Kwa mtu kama mimi, niliyekuwa nimechoka kukesha, ile ilikuwa riziki imeletwa mlangoni. Niliacha lindo la usiku nikawa mtembeza mbwa: Muthaiga, Gigiri, Runda, kisha Karura, na mfukoni bado nina mnyororo wa Afande.

Mnyororo ule ulikataliwa na tajiri wangu wa kwanza, mama mmoja Mholanzi mwenye mbwa mchanga wa aina ya Rhodesian Ridgeback. Alinikabidhi kitabu badala yake. Kilikuwa cha Karen Pryor, Mmarekani, cha mwaka 1984, na nilikifungua kwa shingo upande. Mwandishi mwenyewe hakuanza na mbwa. Alianza na pomboo, huko Hawaii, miaka ya sitini. Hapo ndipo niliponaswa. Pomboo humvalishi mnyororo. Ukimkasirisha anapiga mbizi na kukuacha na ndoo yako ya samaki. Kwa hiyo wakufunzi wao walilazimika kutumia njia nyingine: mnyama akifanya unachotaka, filimbi inalia sekunde ileile, kisha samaki. Filimbi inamwambia ni kitendo gani hasa kimelipwa. Aliyetoka kwenye maji akaja nchi kavu na hesabu hiyo alikuta inamfaa mbwa vilevile.

Na mbwa anayevuta, ukimtazama kwa hesabu hiyo, naye analipwa. Mwendo wake wa kawaida ni wa kasi kuliko wetu, kwa hiyo kila hatua ya pamoja ni yeye kujizuia. Anauona mti, anavuta, unamfuata, anafika. Amelipwa. Kesho atavuta zaidi, kwa nini asivute? Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kibweta cha plastiki ndizo mbaya kuliko zote, maana humfundisha mbwa kwamba kamba haiongezeki mpaka uivute. Nazichukia, na wateja wangu wanajua.

Wenzangu pale Karura walinicheka mwanzoni. Mmoja aliniuliza kama mbwa wangu ana namba ya NSSF. Lakini niliyajaribu ya kitabu, na kidogo kidogo nikayageuza yawe ya hapa. Biskuti za mbwa za supamaketi ni ghali na hazina harufu. Omena, yaani dagaa, zina harufu. Nazikausha kwenye sufuria bila mafuta, nazikata vichwa, natia mfukoni. Koti langu la kazi halipandi matatu tena bila watu kufungua madirisha, ila mbwa wa Runda nzima wananijua.

Mwanafunzi wangu wa sasa anaitwa Chapati. (Kizazi hiki kimemalizana na akina Simba.) Ni Ridgeback dume, miezi saba, miguu mirefu kuliko akili, umri ambao mbwa husahau hata jina lake akiona kipepeo. Amevaa mkanda wa kifuani wenye pete mbele. Akijitupa, mkanda unamgeuza ubavu badala ya kumpa kifua cha kusukumia. Ukiweka pete mgongoni unamfanya punda wa mkokoteni. Shingoni simfungi kamba. Mwaka 2006 madaktari wa mifugo walipima wakakuta kwamba mbwa anapovuta kwa ukosi wa shingoni, presha ndani ya macho hupanda, na kwa mkanda wa kifuani haipandi hivyo.

Hatuanzii msituni. Tunaanzia uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, mahali ambapo hapana jipya. Kamba ni ya mita mbili, mkono wangu uko kitovuni. Natembea. Chapati anatangulia, kamba inakaza, nami nasimama. Simvuti, simsemeshi. Anavuta, anatazama mbele, anavuta tena, anapiga chafya. Kisha, kwa kuchoka tu au kwa kushangaa mbona dunia imesimama, anageuza kichwa. Kamba inaning'inia. “Ehee!” nasema, na omena inamfikia kwenye mshono wa suruali yangu, mguu wa kushoto, usawa wa goti. Pahala hapo pana maana: chakula kikitolewa mbele, mbwa atakwenda kukisubiri mbele. Hatua mbili, omena. Hatua tatu, omena. Nageuka nyuma ghafla, anakuja mbio kunifikia, omena.

Siku ambapo anashika vizuri, malipo yanabadilika. Anatazama shina la mti kwa uchu, kamba imelegea, basi namwambia “Haya nenda!” na tunakwenda wote wawili akanuse mpaka atosheke. Ule mti uliokuwa ukimfundisha kuvuta sasa unamfundisha kutovuta. Lango nalo ni hivyo hivyo. Akirukaruka nalifunga, akitulia nalifungua. Asubuhi nyingine tunamaliza saa nzima hatujavuka barabara, na mlinzi wa getini anauliza kama tumefukuzwa.

Kima ni somo la mwisho. Kima akishuka njiani, omena haziuziki. Hapo silaha yangu ni umbali tu: namwondoa Chapati mapema, kabla shingo haijakakamaa, tunazunguka mbali tukiwatazama kima kutoka huko, na kila akinirudishia macho analipwa mara dufu. Kumsogeza karibu ni kazi ya miezi.

Afande nilikutana naye huko huko Karura, amekuja na wajukuu. Alisimama akatutazama muda mrefu bila kusema kitu.

“Kijana, unampa chakula kabla ya kazi?”

“Namlipa, Afande. Kazi kwanza, mshahara baadaye.”

“Na usiku mwizi akiwa ukutani, utatoa kidagaa?”

Nilimwambia mbwa huyu hatalinda ghala. Akasema hilo ndilo tatizo lake, kwamba siku hizi mbwa hawana kazi. Hakubadilika, na sikutaka abadilike. Usiku wa Eneo la Viwanda aliujua yeye. Ila alipopokea kamba ya Chapati nilikiona kile kiwiko kikikaa tayari, na mbwa akamtazama usoni akingojea jambo la heri. Afande akatembea naye hadi kwenye daraja la mbao na kurudi. Mkono haukutumika. “Huyu ametulia,” alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kwamba mvua imenyesha.

Kazi iliyobaki ni ya wenye mbwa. Mbwa niliyemtembeza Jumatatu hadi Ijumaa kwa kamba iliyolegea, Jumamosi anatoka na tajiri wake, tajiri anaongea na simu, mbwa anavuta, anafuatwa, na Jumatatu narudi uani kwenye tangi la maji. Kwa hiyo siku hizi sikubali mbwa bila mwenyewe. Mwenye Chapati ni wakili, mtu wa maneno, na tulipotoka naye mara ya kwanza aliburutwa toka maegesho hadi kwenye kibanda cha tiketi.

“Mzee, mbona wewe hakuvuti?”

“Mimi mkononi nina omena, wakili. Wewe una simu.”

Jumamosi iliyofuata alikuja na omena zake ndani ya mfuko wa plastiki wa kufungia, na glavu ya mpira mkono mmoja kwa ajili ya harufu. Chapati akaanza kwa kula kidole cha glavu.