Busha Limetoka, Uvimbe Haujaondoka

Wanaume wa pwani yetu huulizana habari za homa, za jino, hata za deni, lakini habari za busha hunong'onwa. Mimi ni karani wa serikali hapa Kwale, umri wangu miaka 36, nami nalibeba busha miaka 5 ndani ya suruali pana kabla ya kwenda kupasuliwa. Kupasuliwa kwenyewe si kisa kirefu: nalidungwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikafa, daktari akatoa maji, akaupindua mfuko uliokuwa ukiyakusanya na kuushona ili yasipate pa kukaa tena. Niandikayo leo ni habari za majuma yaliyofuata, kwa kuwa hayo hakuna aliyenisimulia.

Siku ya tatu nalijitazama nikaogopa. Pale palipopunguzwa palikuwa pamejaa tena, na ngozi imepiga weusi kwa damu iliyovilia. Dresa alisema ni damu na maji ya jeraha, nayo mwili utayanywa polepole. Siku ya tisa mshono mmoja ukatoa usaha, na homa ikapanda. Nikarudi hospitali, nikapewa dawa ya vidonda, na jeraha likaoshwa kila siku kwa majuma mawili. Usaha ukakoma, ila likabaki donge gumu kiasi cha yai la kuku, lisiloumiza nikitulia, lakini baiskeli haikupandika. Juma la sita nalirudi ofisini, nikaketi juu ya mto mbele ya makarani wenzangu, ambao kwa adabu yao walizungumza habari za mpira tu.

Lakini maumivu hayakuwa shida kubwa. Mjomba wangu, mkulima wa minazi, ana busha kubwa kuliko langu, la miaka 20. Mnazi haukwei tena, na msikitini husali hali ameketi. Alikuwa ameniambia, "Tangulia wewe, mpwa wangu, nikuone." Basi kila Ijumaa alikuja, akatazama nitembeavyo, akaenda zake bila neno. Nikajua ya kuwa hatua zangu ndizo zitakazompeleka hospitali au kumzuia.

Siku moja akasema, "Maji yamerudi." Nikamweleza nilivyoelezwa na daktari, ya kwamba maji yakirudi, uvimbe huongezeka mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi ukimulikwa kwa tochi mwangaza hupenya, bali uvimbe wa jeraha ni mgumu, nao hupungua, ijapokuwa pengine huchukua miezi. Yeye mwenyewe alikwisha kutolewa maji kwa sindano mara mbili, nayo yakarudi, maana mfuko uliachwa ulivyo. Akanikumbusha pia ya kuwa amemeza vidonge vya serikali, ambavyo ugawaji wake hapa pwani ulianza mwaka 2002. Vidonge hivyo ni vyema, lakini kazi yake ni kuua vijidudu vya minyoo damuni, mbu wasipate vya kueneza. Busha lililokwisha kujaa havilitoi. Habari za mbu hakuzikubali upesi. Tangu utotoni aliambiwa ya kuwa busha huletwa na madafu, na mtu aliyeishi kwa minazi maisha yake yote ameyabeba maneno hayo kama hatia. Nikamwambia ya kuwa tangu mwaka 1877 Patrick Manson, daktari aliyekuwa China, aliviona vijidudu hivyo ndani ya mbu. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama huko China wana minazi.

Kwa kuwa maneno hayakutosha, nikaanza kupima. Kila Jumapili nalizungusha uzi penye uvimbe na kufunga fundo pale ulipokutana. Majuma mawili mafundo yalikaa pahali pamoja, hata nikakata tamaa. Kisha yakaanza kusogea. Sasa ni mwezi wa nne, na donge limebaki kiasi cha kokwa ya tende. Ganzi kidogo ingaliko kando ya kovu, na jioni, nikiwa nimesimama sana, pazito.

Ijumaa iliyopita nalimpa mjomba ule uzi. Akayahesabu mafundo kwa kidole, akauliza nauli ya matatu mpaka hospitali. Nikamtajia. Akasema ni ghali mno, akautia uzi mfukoni mwake.