Pima Kwanza, Halafu Useme

Gari letu la vijana hapa Nakivale ni Toyota HiAce ya zamani, ya dizeli. Ndani hakuna viti vya abiria. Kuna benchi mbili ambazo usiku zinageuka vitanda, jiko dogo la gesi, kabati la vitabu, spika na projekta. Chini ya benchi kuna betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia injini, na juu ya paa kuna paneli ya sola. Tukienda Juru au Rubondo na mvua ikaharibu barabara, tunalala humo humo. Kwa watoto wa vijiji vya mbali, siku gari linafika ndiyo siku ya vitabu na sinema.

Mwezi wa kumi gari hilo lilishikwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Likipanda mlima linaishiwa nguvu mpaka watu washuke kulisukuma. Na asubuhi nyingine ukizungusha ufunguo, starta inalia tik, tik, basi.

Kikao cha ofisi kilichukua nusu saa. Fundi mmoja wa mjini, aliyeulizwa kwa simu tu, alisema ni pampu ya dizeli, gari lipelekwe Mbarara. Bei aliyotaja ingemaliza pesa za shughuli zetu za miezi minne. Kuhusu betri, mtu mmoja akasema kilichokuwa midomoni mwa wengi: kijana anayelinda gari usiku anachajia watu simu kwa pesa. Ushahidi wao ulikuwa kwamba gari linakataa kuwaka kwenye zamu zake tu. Akasimamishwa, posho ikakatwa. Ana miaka 19, na nyumbani kuna mama na wadogo wawili wanaoitegemea hiyo posho. Hakujibu neno. Sisi wakimbizi tunajifunza mapema kwamba ukijitetea sana, watu wanasema umejishtaki.

Niliomba siku tatu kabla gari halijaondoka. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu, aliyetengeneza malori Bukavu miaka mingi kabla ya kukimbia. Sisi vijana tunamwita Papa Fundi. Alikuja na spana nne, tochi, na kipimo cha umeme kilichofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Hakufungua kitu. Aliuliza: “Mwanangu, inakosa nguvu wakati gani? Moshi iko rangi gani?”

Nikamwambia: inaondoka vizuri, baada ya kama dakika ishirini inalegea. Moshi mweusi hakuna. Tukipumzika kidogo inarudi kuwa nzima, halafu inalegea tena.

“Basi hii motokari haiko mugonjwa. Iko na njaa.”

Akanieleza. Injini ya dizeli ikitoa moshi mweusi na huku haina nguvu, mara nyingi imekosa hewa: angalia filta ya hewa, hasa kwa vumbi letu hili. Ikikosa nguvu bila moshi, mara nyingi dizeli haifiki: angalia filta ya dizeli, maji chini ya filta, mpira uliopasuka unaovuta hewa. Tulimwaga maji ya filta, yalikuwa kidogo tu. Tulipapasa mipira yote, mizima. Kisha akasema twende mlimani mpaka ilegee. Ilipolegea, alishuka, akafungua mdomo wa tanki. Tulisikia tanki likivuta pumzi: fyuuu! Akapanda, akasema washa. Gari likapanda mlima kama limezaliwa jana.

Mfuniko wa tanki ulipotea miezi ya nyuma, na kijiweni mtu akatuchongea kizibo cha mti kilichozungushiwa mpira. Kilikaza vizuri mno. Mfuniko halisi una kitundu au vali ya kuingiza hewa, ili dizeli inapotoka, hewa ichukue nafasi yake. Kizibo chetu hakikuwa nacho, kwa hiyo tanki likajinyonga lenyewe. Tulinunua mfuniko wa mtumba. Pampu iliyotaka kula miezi minne ilikuwa nzima.

Ikabaki betri, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa kesi yenyewe.

Jioni tulipima: volti 12.6, maana yake betri imejaa. Tukafunga milango, ufunguo ukalala ofisini, na ndani hakulala mtu. Asubuhi mbele ya watu wawili wa ofisi tukapima tena: 11.9. Betri ya volti 12 ikishuka chini ya 12 huku haifanyi kazi, imekaribia kuisha. Na hapakuwa na kijana wala simu.

Papa Fundi akaanza kufuata waya mmoja mmoja. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa projekta, swichi yake ilikuwa nyuma ya kabati, haifikiki, na ilikuwa imewaka. Bila kuchomekwa kitu chochote ilikuwa inakula ampea 1.8. Kwa saa 12 za usiku ni ampea-saa 21.6. Simu ya kawaida ikijazwa kutoka sifuri inakula kama ampea-saa moja na kidogo ya betri hiyo. Yaani kijana angehitaji kuchaji simu 15 na zaidi kila usiku ili kufikia wizi uliofanywa na swichi.

Lakini kwa nini inveta iue betri ya kuwashia, wakati inakaa kwenye ile ya pili? Kati ya betri hizo kuna relei: injini ikiwaka inaziunganisha zichajiwe pamoja, ikizimika inazitenganisha. Yetu ilikuwa imeungua na kugandana. Tuliwasha taa za ndani injini ikiwa imezimwa, na betri zote mbili zikashuka pamoja.

Na zamu zake? Nilifungua daftari la zamu. Wiki zake ziliangukia siku za mvua, ambapo paneli haikupata jua la kurudisha kilicholiwa usiku. Wenzake walilinda siku za jua.

Relei mpya na kuhamisha swichi vilitugharimu pesa ndogo kuliko nauli ya kupeleka gari Mbarara. Kijana alirudishiwa zamu na posho yake. Samahani hakupewa, na tangu siku ile hataki kulala ndani ya gari. Analinda akiwa amekaa nje, chini ya turubai, ili kila mtu amwone.

Sasa ndani ya gari kuna daftari. Kila jioni na kila asubuhi anayelinda anaandika volti, hali ya hewa na jina lake. Ndugu zetu wa mashirika, msiliangalie kama karatasi nyingine ya ripoti. Likitokea tatizo tena, tusomeeni kwanza yaliyomo, halafu ndipo mtaje mtu.