Kosa Lisilopiga Kelele

Nilipoagana na familia yangu pale Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, nilikuwa na umri wa miaka 36 na watoto watatu. Nilikuwa na stashahada ya ujenzi, lakini kwa miaka mingi nilitamani shahada. Baba watoto alikubali. Mama mkwe naye akakubali kukaa na wajukuu zake. Basi nikasafiri kupitia Laela na Tunduma hadi Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho mwaka 1986 kilianza kama chuo cha ufundi.

Hesabu sikuziogopa. Kilichonitisha ni somo la kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya hesabu za kiufundi. Sisi tuliokua zamani kompyuta tulizisikia tu. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa ilichukua miaka mingi kabla mtoto wa Ufipa hajaigusa moja. Vijana niliosoma nao walikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho, na vidole vyao vilikimbia juu ya vibonyezo kama wanacheza. Mimi nilitafuta herufi moja moja, kama anayechambua mchele.

Programu ni maagizo yaliyopangwa kwa hatua. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka kilimo chetu cha intumba, yale matuta ya duara. Kwanza unafukia majani, kisha unayaacha yaoze, ndipo unapoyatawanya matuta na kupanda. Ukitawanya kabla majani hayajaoza umejisumbua bure. Kompyuta nayo hufuata mpangilio ulioupanga wewe, ukiwa sahihi au usiwe sahihi. Mtoto ukimwambia alete maji atajua mwenyewe kuchukua ndoo. Kompyuta haijui, mpaka ndoo nayo uitaje.

Tulitumia lugha iitwayo Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, nayo hupatikana bure. Wiki za kwanza zilikuwa chungu. Nilisahau nukta mbili mwisho wa mstari, kazi yote ikakataliwa. Sikujua kwamba alama moja ya sawasawa huweka kitu ndani ya jina, kama kumimina unga kwenye debe, na alama mbili huuliza kama vitu viwili ni sawa. Katika jaribio la kwanza nilipata alama 9 kati ya 30. Usiku ule nililia, nikapanga nguo zangu kwenye begi. Nilifikiri juu ya ada, ambayo ilikuwa imetokana na mahindi ya mwaka mzima, na juu ya mama mkwe anayeamka alfajiri katika baridi ya Juni ili wajukuu waende shule. Kurudi na aibu kulikuwa kugumu kuliko kubaki. Nikazitoa nguo kwenye begi.

Siku moja mwalimu alitusimulia habari za Ada Lovelace wa Uingereza. Mwaka 1843 alichapisha maelezo ya jinsi mashine iliyobuniwa na Charles Babbage, ambayo haikupata kukamilika kuundwa, ingeweza kukokotoa namba fulani ngumu kwa hatua. Wengi huyahesabu maelezo hayo kuwa programu ya kwanza duniani. Wakati huo alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Nilicheka peke yangu. Kumbe hata mimi ninayo nafasi!

Nikabadili njia. Nilinunua daftari, nikawa naandika hatua zote kwa Kiswahili kabla sijagusa kompyuta. Kisha nilijaribu programu yangu kwa namba ndogo ambazo ningeweza kuzijumlisha kwa vidole. Nilimwomba kijana mmoja wa darasani anielekeze, nami nikamwelekeza hesabu za mihimili. Sikuona haya tena.

Kisha ukaja mwezi nisiousahau. Tulipewa takwimu za mazoezi, mvua ya mwezi kwa mwezi ya sehemu ya nyanda za juu. Tulitakiwa kuandika programu ya kujumlisha mvua ya mwaka, na baadaye kuzitumia takwimu hizo katika hesabu za kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Programu yangu ilikwenda bila kulalamika hata mara moja. Jibu likatoka: milimita 684. Vijana wawili jirani yangu walipata vilevile, wakafunga kompyuta zao wakaondoka.

Mimi nilibaki nimekaa. Moyo wangu ulikataa. Nimelima Pito tangu utoto, na huko mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili. Mwaka wenye milimita 684 tungeuita mwaka wa shida, na miezi niliyokuwa naiona kwenye karatasi haikuwa ya shida hata kidogo. Nikachukua kalamu, nikajumlisha kwa mkono. Nikapata 850. Tofauti ilikuwa 166, na 166 ilikuwa mvua ya Desemba.

Nilikuwa nimeiagiza kompyuta ipite kwenye miezi kuanzia 1 hadi 12. Lakini katika agizo lile la Python, namba ya mwisho unayoitaja haihesabiwi. Ukitaka ifike 12, lazima uandike 13. Kompyuta iliishia Novemba, ikaiacha Desemba nzima na mvua zake, wala haikusema neno. Kalvati lililopimwa kwa hesabu za namna hiyo linaweza kuwa jembamba mno, na maji ya masika yakalipita juu na kuondoka na barabara.

Mwalimu alitufundisha kwamba makosa ni ya namna mbili. Kuna yale yanayopiga kelele, ambayo kompyuta hukataa na kukutajia mstari. Hayo ni rafiki. Na kuna yale ya kimya, ambapo kila kitu kinakwenda vizuri na jibu si kweli. Haya huyapati mpaka uwe na kitu unachokijua kwa hakika cha kulinganishia.

Usiku huo sikupata usingizi. Niliwaza nyumbani. Kifungua mimba wangu alikuwa akilalamika katika simu kila Jumapili, na kitinda mimba alikuwa akilia. Hao niliwabembeleza. Lakini yule wa kati, binti wa miaka 10, kila mara alisema, "Shikamoo mama. Sisi hatujambo." Nami nikashukuru na kupita. Hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Likizo ilipofika nilikwenda Pito. Sikumuuliza kama yu mzima, maana jibu nililijua. Nilikaa naye barazani, nikamwomba anisomee maandishi ya gunia la mbolea lililokuwa mlangoni, hatua chache tu kutoka tulipokaa. Akanyanyuka, akalisogelea mpaka pua ikakaribia gunia, ndipo akasoma. Nikamwambia arudi alipokuwa. Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mama, ubaoni sioni. Huwa nanakili kwa rafiki yangu. Sikutaka urudi kwa sababu yangu."

Nilimkumbatia tukalia wote wawili. Wiki ile ile tulimpeleka Sumbawanga mjini kupimwa macho, na namshukuru Mungu kwamba miwani ilimtosha.

Somo nilifaulu. Mama mwenzangu, ukipata nafasi ya kusoma, nenda, hata kama umri umesogea. Ulichojifunza shambani na jikoni kitakusaidia siku ambayo jibu la mashine si la kweli. Na jioni hii, anayelia ukishamtuliza, mwite yule asiyelia ukae naye kidogo. Usimuulize kama hajambo. Mpe kitu akusomee.