Siporo rusange ni ya wote, hata siye wa miguu mizito



Sisi walimu wa kujitolea tulienda Rwimbogo na wanafunzi wetu kwenye siporo rusange, yale mazoezi ya pamoja ambayo Kigali hufanywa barabarani siku zisizo na magari, tangu 2016. Kumbe miguu yetu haisikii! Kiongozi akisema kushoto, siye kulia. Wengine wakipiga makofi, siye bado tunainua goti. Wanafunzi walicheka mpaka basi. Mwalimu kuchekwa na darasa lake si jambo dogo, lakini hatukutoka mstarini.

Mama mmoja jirani akatuambia: "Fuateni miguu kwanza, mikono itakuja." Kweli, wimbo wa tatu tuligeuka pamoja na wenzetu.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, hata kutembea haraka tu. Halisemi lazima ujue kucheza.

Jumatatu darasani, mtoto mmoja anayeogopaga kuchekwa ubaoni alinyoosha mkono mwenyewe.

Basi wamama, wababa, karibuni. Mkiona aibu, simameni nyuma, tuko pamoja.