Kikapu Kidogo Kilichovunja Penzi la Madevelopa Wawili

Watu wameachana kwa meseji, kwa mchepuko, hata kwa deni la kikoba. Hawa wawili wameachana kwa sababu ya kikapu. Tena si kikapu cha kwendea sokoni, ni kikapu cha kwenye simu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Mdada ni wa Dar, kajifunza kutengeneza programu za simu mwenyewe, kwa bando na video za YouTube. Mkaka naye yumo kwenye kazi hiyo hiyo. Miaka mitatu ya mapenzi, na marafiki walishaanza kuulizana mchango wa harusi utakuwa shilingi ngapi.

Mdada alikuwa anatengeneza programu ya kuagizia mboga na samaki. Unaujua ule mstari wa chini kabisa wenye vipicha vya kubonyeza: nyumba ya kurudi mwanzo, lensi ya kutafutia, kichwa cha mtu cha akaunti? Hivyo vipicha ndivyo ikoni. Madevelopa wengi hawachori, wanachukua zile za bure za Google, na ukitumia Flutter unazikuta tayari. Yeye naye akaweka hizo hizo, akampelekea simu shangazi yake Tandika ajaribu kuagiza dagaa.

Shangazi akachagua dagaa vizuri tu, kisha akakwama. "Mwanangu, na hiki kigari cha mtoto ni cha nini?"

Kilikuwa kitoroli cha supamaketi. Sasa mtu anayenunua nyanya kwa mafungu, hicho kitoroli atakijulia wapi?

Usiku ule mdada hakulala. Akachora kikapu cha ukili chenye mikono miwili. Unaweza kudhani ni kazi ya dakika tano, thubutu! Uwanja wa ikoni ni 24 kwa 24, ukitaka kuonyesha kila msuko wa ukili unapata doa jeusi. Unene wa mistari lazima ufanane na wa ikoni za jirani, la sivyo moja itaonekana imenenepa kuliko wenzake. Kila ikoni inataka sura mbili: ya mistari mitupu kabla hujaigusa, na iliyojazwa rangi ukishaingia ukurasa wake. Sehemu ya kubonyeza isipungue 48 kwa 48, maana kidole si sindano. Na mwongozo wa Google unasema mstari huo uwe na ikoni tatu mpaka tano. Yeye alikuwa nazo sita, ikabidi moja ihamishwe.

Shangazi alipoletewa simu mara ya pili hakuuliza kitu. Akabonyeza kikapu, akamaliza kuagiza.

Basi mdada akaona kitu kizuri hakifungiwi kabatini. Akautoa ule mstari kwenye programu yake, akaufanya kipande kinachojitegemea: wewe unaleta ikoni zako, majina na rangi, chenyewe kinapanga. Akakiweka GitHub kwa leseni ya MIT. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kutumia, kubadilisha, hata kuuza, bila kulipa senti. Sharti ni moja: ile notisi yenye jina la mwenye kazi na maneno ya leseni ibaki. Madevelopa wenzake wakaanza kukitumia, mmoja akakiwekea ikoni za bodaboda, mwingine za duka la dawa.

Mkaka naye akakitumia. Alikuwa na mteja mwenye hela. Akakopi mafaili yote, akabadilisha majina, na faili la leseni akalifuta. Siku ya kuonyesha kazi ukumbi mzima ukapiga makofi. Picha zikaenda Instagram: "Nimekesha wiki nzima nikichora hivi vitu." Na aliyeandika hongera ya kwanza, na kopa juu, ni mdada mwenyewe. Alijiambia ni mambo ya ndani, mtu wako akipanda na wewe umepanda.

Miezi miwili baadaye akaitwa kwenye usaili wa kazi. Akafungua simu, akaonyesha kazi yake kwa madaha. Mmoja wa wasaili akatabasamu vibaya. "Dada, huu mstari tumeshauona kwa mtu mwingine. Kukopi siyo dhambi, ila ungesema."

Weee! Hebu fikiria: unaitwa mwizi wa kitu ulichokikeshea. Mikono ikitetemeka akafungua GitHub, akawaonyesha kumbukumbu ya mabadiliko, maana pale kila badiliko linabaki na jina na tarehe. Kikapu cha kwanza kibaya, cha pili, cha tano. Wakanyamaza. Wakasema watampigia.

Jioni akamuuliza mwenzake. Jibu lilikuwa hili: "Bebi, si ikoni tu hiyo? Kwani mimi na wewe si kitu kimoja?"

Angesema "nimekosa, nisamehe", huenda leo tungekuwa tunaongelea sare za harusi. Mdada akaondoka usiku ule ule.

Mashoga zake wakamwambia afute kila kitu GitHub, wakome wote. Akakataa. Aliikumbuka left-pad. Machi 2016 developa mmoja alikasirika, akaondoa vipande vyake npm, kimojawapo kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo. Kazi za watu wasiomjua, dunia nzima, zikagoma kujengwa mpaka kikarudishwa. Kufuta kungewaumiza wa bodaboda na wa duka la dawa wasio na hatia. Mkaka asingeguswa, yeye alishabeba nakala.

Ila nakala nayo ina mambo yake. Kilikuwa na kasoro: oda zikizidi 99, ile namba nyekundu inavimba na kuziba kikapu chote. Mdada alishairekebisha zamani, sasa inaandika "99+" na kutulia. Waliokichukua kwa njia ya kawaida walibadilisha namba ya toleo tu, wakapona. Mkaka aliyekopi na kubadilisha majina alibaki na ugonjwa wa zamani, na mteja wake alipofungua ofa ya sikukuu, kikapu kikafunikwa.

Saa sita usiku simu ikalia. "Naomba unisaidie, mteja anataka kuvunja mkataba."

Hakumtukana. Alimwandikia sentensi mbili: "Marekebisho yapo pale pale, chukua kama wengine. Ukichukua, usilifute jina."

Asubuhi jina lilikuwepo, ndani ya ukurasa wa leseni za programu ile, mahali ambapo hakuna mteja anayeingia. Mstari mmoja tu. Kumbe muda wote ule ungemgharimu mstari mmoja.

Ile ofisi ilimpigia mdada, ameanza kazi. Mkaka anaomba warudiane, anasema jina amelirudisha, bado nini tena? Shangazi wa Tandika ameulizwa, akajibu yeye anachojua ni kuagiza dagaa.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungerudi? Mwaga maoni hapo chini.